Oili ya Kijani na Fundi Niliyemsingizia

Kwa miezi mitano nilimsema vibaya fundi mmoja wa Wete, hapa kwetu Pemba. Nilimsema ufukweni tukianika mwani, nilimsema kwenye foleni ya petroli, nilimsema hata arusini mbele ya shemegi yake, nami sikujua kuwa ni shemegi yake. Maneno yangu yalikuwa yale yale: kaniulia giaboksi. Walionisikia nikimsema ni wengi. Walionisikia nikiyarudisha maneno yangu hawafiki watano, ndiyo maana naandika. Na huenda pikapu yako nayo inashtuka kama ilivyokuwa ikishtuka yangu, na keshatokea mtu akakwambia ukatafute giaboksi ya mtumba.

Gari yenyewe ni ya zamani, injini ya petroli, gia nne za otomatiki. Aina yake siitaji, maana nikiitaja tu tutaacha mazungumzo na kuanza ule ugomvi wa Toyota na Nissan usiokwisha. Niliinunua Unguja, nikaipakia melini hadi bandari ya Mkoani, na tangu siku hiyo inabeba mwani mkavu kutoka Kiuyu kwenda Wete. Pikapu ya otomatiki kwetu bado ni kituko. Siku niliyoishusha bandarini, mpakizi mmoja alichungulia ndani akaona pedali mbili, akaniuliza, "Bibi, na ya tatu wameiuza?"

Wanaume wa kwetu husema otomatiki ni gari ya wanawake. Mimi ni mwanamke, kwa hiyo sikuona tusi. Mguu uliosimama ndani ya maji ya chumvi tangu alfajiri hauna hamu ya kukanyaga kluchi.

Miaka mitatu ya mwanzo gari haikunisumbua, na mimi sikuigusa. Oili ya injini nilibadilisha, ya gia hata sikujua kama hubadilishwa. Nikaja kusikia kwa dereva mmoja kwamba nayo huchoka. Nilikuwa Unguja wakati huo kwa shughuli za kifamilia, nikapita duka moja la spea, miwani nimeiacha kwa dada yangu. Nikamwambia muuzaji, "Nipe oili ya gia za otomatiki, ile nzuri kabisa." Hakuniuliza gari gani. Akateremsha ile ya bei ya juu kuliko zote. Niliona herufi kubwa ubavuni, CVT, nikadhani ni jina la kampuni. Nikabeba magaloni matatu ya lita nne nne, nikavuka nayo bahari kama mtu aliyebeba halua.

Fundi wa Wete alifungua galoni la kwanza, akatia kidole, akakitazama. Oili ilikuwa ya kijani.

"Bibi, hii ndiyo?"

"Ndiyo."

"Una hakika? Iliyotoka ilikuwa na wekundu."

"Fundi, hii ya kisasa. Mimina."

Akamimina. Kisha, kwa amri yangu tena, akaimwaga na kumimina mara ya pili ili isafike vizuri. Magaloni mawili yakaisha, la tatu nikaenda nalo nyumbani. Haya yote niliyasahau kabisa. Nilichokuja kukumbuka ni kwamba gari iliingia kwake nzima.

Wiki ya pili matata yakaanza. Pemba haina milima ya kutisha, lakini ni vilima na mabonde mfululizo, ukishuka unapanda, ukipanda unashuka, na gari yenye gia mbovu haina pa kujificha. Ikitoka gia ya pili kwenda ya tatu, injini inapaa peke yake, gari haiendi, halafu ndiyo gia inashika. Mwanzo ilikuwa ikipata moto tu, baadaye hata asubuhi. Mpaka siku moja karibu na Konde, viroba thelathini nyuma, ikakataa kupanda kabisa. Injini inalia, tairi zimetulia.

Akatokea kijana mmoja na spana mbili. "Dada, nitaikaza mahali kidogo, itashika." Akafungua bonneti, dakika tano hazikufika, na kweli ikashika. Nikapanda kile kilima kama sijui kilima ni nini. Nilimlipa, nikamuongezea na pweza. Na kuanzia hapo hadithi yangu ikapata pande mbili: fundi wa Wete kaua, kijana wa Konde kafufua.

Ila tangu siku hiyo gari ikaanza kupiga teke. Nikiitoa P ya kuegesha kuitia D ya kwendea, kishindo. Ikitoka ya kwanza kwenda ya pili, mgongo mzima unajua. Kwetu tuna mchezo wa ng'ombe, watu huenda kumchokoza dume wakamkimbia, na umati hucheka. Mimi sikuwa na haja ya kwenda kutazama, nilikuwa juu yake kila siku. Bibi mmoja niliyempa lifti kutoka Micheweni alishuka akiwa ameshikilia kilemba cha kanga, akaniambia, "Mwanangu, bora gari ya ng'ombe. Ng'ombe hushtuka akipigwa, hii yako nani kaipiga?"

Nikazunguka kwa mafundi. Wa kwanza hakufungua hata bonneti. Alisikiliza kishindo kimoja akasema gia zimekufa, nitafute boksi zima, Dar es Salaam zipo, na kwa nauli na kazi yake nijiandae na milioni mbili na laki nane. Wa pili akasema ndivyo otomatiki zinavyozeeka, nizoee. Wa tatu, Mungu amrehemu na akili zake, alitaka tuigeuze gari nzima iwe ya gia za mkono.

Giaboksi ya mtumba ilinitia hofu kwa jambo moja: humjui aliyekuwa nayo. Labda naye alikuwa kama mimi. Hata hivyo nilishaanza kuweka pesa, na kila nilipoweka elfu hamsini nilimtaja fundi wa Wete.

Mamangu mdogo ndiye aliyechoka kunisikia. Akasema, "Nenda Wawi. Yuko mzee pale aliyekuwa akitengeneza magari ya serikali. Ukitoka kwake hajakupa jawabu, ndipo uendelee kusengenya."

Kazi yetu inakwenda na bahari. Bamvu likiingia, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanatoka mbali na sote tunashuka, hapo gari ikikosekana hasara ni yangu. Nikangoja maji mafu, nikaenda Wawi.

Gereji yake ni mwembe mmoja na mabati matatu, si mbali na kiwanda cha mafuta ya makonyo, vile vikonyo vya karafuu. Siku wanayopika makonyo, harufu ya karafuu huingia mpaka kwenye mikunjo ya nguo. Nilimkuta amekaa juu ya tairi anakunywa chai.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Usiizime. Sogea pembeni."

Hakuniuliza gari ina nini. Akakaa kwenye usukani, akazima redio, tukaenda hadi Gombani na kurudi bila neno. Mara mbili akaachia mguu kabisa, mara moja akakanyaga hadi mwisho. Tuliporudi akaiegesha mahali palipo sawa, akanirudisha kwenye kiti na kuniambia nishike breki, nipitishe gia zote kutoka P hadi L, kila moja nihesabu tatu, kisha nirudi P. Injini inawaka muda wote. Ndipo akachomoa kijiti cha oili ya gia.

Hapo nilijifunza la kwanza. Oili ya injini unaipima gari imezimwa. Oili ya gia za otomatiki, kwenye gari nyingi zenye kijiti kama yangu, unaipima injini ikiwaka na oili ikiwa imepata moto, nyuzi 70 hadi 80, kwa alama za HOT. Ukiipima gari imezimwa, oili iliyokuwa ikizunguka juu imeshateremka chini, kwa hiyo kijiti kinakudanganya kwamba imejaa. Miaka yote mimi nilikuwa napima asubuhi, gari imelala, na kila mara nikijisifu imejaa. (Gari nyingi za siku hizi hazina kijiti kabisa. Zina nati ya kufungulia ubavuni au chini, na lazima zipimwe oili ikiwa kwenye joto maalumu. Usimruhusu mtu akufungulie hiyo kwa kubahatisha.)

Kipimo kilikuwa sawasawa. Fundi wa Wete hata hilo alilipatia.

Ami akakinusa kijiti. Mimi nilinusa karafuu tu, lakini yeye amekaa pale miaka, ameshajifunza kuitoa karafuu puani na kubakisha kingine. Akadondosha tone kwenye karatasi nyeupe, akaliacha litambae.

"Ingekuwa nyekundu, ningesema nzima. Ingekuwa nyeusi na inanuka moto, ningekupa pole. Ingekuwa kama chai ya maziwa, ningekwambia rejeta imetoboka ndani, maji yameingia kwenye gia, kwa sababu oili hii hupita humo kupozwa. Hii yako ni nini?"

Nikatazama. Ilikuwa rangi ya maji yaliyotuamia kwenye mwani uliooza. Rangi ninayoijua kuliko mtu yeyote pale.

"Umetia nini humu?"

"Oili ya otomatiki, ami. Ile nzuri."

"Nzuri kwa nani?"

Galoni tupu nilikuwa nalo nyuma, nachotea maji. Akalileta, akaliweka mbele yangu kwenye bonneti. Halafu akapangusa kijiti kwa kidole gumba, karibu na kishikio, akanipa. Siku hiyo miwani nilikuwa nayo. Kwenye bati la kijiti mmechapwa herufi zilizokaribia kufutika: DEXRON, aina ya oili inayotakiwa. Nimekipangusa kijiti kile mara mia. Imeandikwa hapo tangu gari inatoka kiwandani.

Kwa nini ilikuwa shida, naeleza nilivyoelewa. Ndani ya giaboksi ya otomatiki ya kawaida mna pleti nyingi nyembamba zilizopangwa kama sahani, moja ina ngozi ya kukwaruza, nyingine chuma kitupu, na zote zimo ndani ya oili. Gia inapobadilika, oili yenyewe ndiyo inayosukumwa kwa nguvu ikazibana pleti. Kwa hiyo oili humo si mafuta ya kulainisha peke yake. Ndiyo mkono unaobana, ndiyo inayopoza, na ndani ya konvata, chombo kilicho kati ya injini na gia, ndiyo inayobeba nguvu ya injini kuipeleka kwenye gia. Pleti zinatakiwa ziteleze kwa muda mfupi sana, halafu zishike taratibu. Anayeshuka baharini maji yakitoka anajua: juu ya jiwe lenye mwani, mguu usioteleza hata kidogo utakuvunja, na mguu unaoteleza moja kwa moja utakuangusha. Oili ya Dexron imetiwa dawa zake ili mguu ule uwe wa kadiri.

CVT ni mtambo mwingine. Hauna gia za kupanda moja baada ya nyingine, una mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili zinazopanuka na kusinyaa. Vigari vidogo vingi vinavyoletwa kutoka Japani ni vya namna hiyo. Humo chuma kinashikana na chuma, na oili yake imetengenezwa ili mkanda usiteleze juu ya puli. Ni oili nzuri, na bei yake ni halali. Ukiitia kwenye pleti zangu, zinashindwa kufahamiana. Na kila kampuni ina desturi yake hata kwa otomatiki za kawaida: Toyota ya T-IV siyo ya WS, Ford wana Mercon zao, Nissan wana Matic zao. Neno "otomatiki" kwenye galoni halikwambii kitu.

Nikasema, "Basi ami, tumeshaujua ugonjwa."

"Nusu. Oili hii huenda ndiyo iliyoteleza. Teke kama hili lina jambo jingine."

Akaendelea kutafuta, na nilichopenda kwake ni kwamba alianza na vitu visivyo na gharama. Ndani ya bonneti kuna kiboksi kidogo cha plastiki chenye matundu. Akaunganisha mawili, TE1 na E1, kwa kipande cha waya, akafungua swichi bila kuwasha injini. Taa ya O/D OFF ikaanza kupepesa haraka, mfululizo, bila kusita. Maana yake umeme wa gia mzima. Ingekuwa na kasoro ingepepesa kwa hesabu: sita kisha mbili ni selenoidi (valvu ya umeme) ya kwanza, sita kisha tatu ni ya pili, sita kisha nne ni ile ya kufungia konvata. Hiyo ni kwa gari za aina na umri wa yangu. Pikapu mpya zinataka kompyuta, na zenyewe zina akili ya kujifunza, zinakariri namna pleti zake zinavyoshika na kurekebisha nguvu. Ukibadilisha kitu ndani bila kuifutia kumbukumbu ya zamani, itaendelea kubana kwa mazoea ya jana na utadhani fundi kakuharibia.

Akaingia chini. Krosi za propela, viungo vya shafti inayopeleka nguvu kwenye tairi za nyuma, zilikuwa kavu, na ile sehemu ya shafti inayoingia na kutoka ilikuwa imekwama kwa kutu ya chumvi. Hiyo peke yake hutoa kishindo ukisimama au ukianza kuondoka, na watu wengi wameng'oa giaboksi kwa kosa la krosi. Akapiga grisi mpaka ikatoka upande wa pili. Mauntingi, mipira inayobeba injini na giaboksi, akazitikisa kwa mtaimbo, nzima.

Kisha akafika kwenye kebo.

Otomatiki hizi za zamani zina kebo nyembamba inayotoka juu ya injini, pale pedali ya mafuta inapofungulia, ikashuka mpaka ndani ya giaboksi. Mafundi wanaiita kebo ya kiki-dauni. Kazi yake ni kuipasha habari giaboksi: mwenye gari amekanyaga kidogo, au amekanyaga sana. Ukikanyaga sana, giaboksi inaongeza nguvu ya oili ili pleti zibane kwa ukali, maana kuna mzigo. Kebo ikilegea, giaboksi inadhani unatembea tu, nguvu inakuwa ndogo, pleti zinateleza na kuungua. Ikikazwa kupita kiasi, giaboksi inadhani kila wakati unapanda na viroba thelathini, hata ukiwa unatoka uani.

Akaniambia nikanyage pedali hadi sakafuni. Kwenye waya wa ndani wa kebo kuna kishikizo kidogo cha chuma kilichobanwa. Pedali ikiwa mwisho, kishikizo hicho kinatakiwa kisimame pale mpira wa kebo unapoishia, pengo lisizidi milimita moja. Kwangu kilikuwa kimetoka nje kiasi cha milimita nane.

"Njoo uone hapa," akasema. Kwenye nyuzi za nati ya kukazia, sehemu moja ilikuwa na kutu ya miaka, na sehemu ndogo pembeni yake inang'aa. Nati ilikuwa imehama, na si zamani. "Nani kashika hapa?"

Nikakaa kimya. Nilikuwa nahesabu. Konde, spana mbili, dakika tano, pweza.

Nikamsimulia. Nilitegemea atamtukana kijana, hakumtukana. "Alikuta mgonjwa ana homa akaishusha. Pleti zilikuwa zinateleza, yeye kaongeza nguvu ya kuzibana. Huenda ndiye aliyeziokoa zisiungue. Ila hakukwambia ukatafute kilichoileta homa." Halafu akanitazama juu ya kikombe chake. "Na aliyeileta homa ni nani?"

Sikumjibu.

Siku ya pili nilirudi na lita kumi na mbili za Dexron III, filta na gasketi ya sampu, lile bakuli la oili chini ya giaboksi. Alifungua sampu kwanza. Ndani yake, chini, kuna sumaku zinazokusanya unga wa chuma. Zilikuwa na tope laini la kijivu, kama wanja. Hilo si la kuogopa, ndiyo uzee wa kawaida. Angekuta vipande vya kumeta vinavyochoma kidole, hapo tungezungumza habari ya Dar. Alizifuta, akatia filta mpya, akafunga nati za sampu kidogo kidogo kwa kuzunguka, maana ukikaza upande mmoja sampu inapinda na itavuja mpaka kiama.

Tatizo la kubadilisha oili hii ni kwamba ukifungua nati ya chini hutoka sehemu ndogo tu. Kubwa inabaki ndani ya konvata na kwenye mabomba. Ukibadilisha mara moja, umechanganya tu. Kwa hiyo ami alichomoa bomba linalorudisha oili kutoka kwenye rejeta, akalielekeza kwenye ndoo yenye alama za lita. Mimi kwenye swichi. "Washa!" Oili inaruka ndooni. Lita mbili zikifika, "Zima!" Tunamimina lita mbili mpya kwa juu, tunaanza tena. Ukichelewa kuzima, giaboksi inabaki kavu na unaua ulichokuja kuponya, kwa hiyo sikuthubutu hata kupangusa jasho. Mara ya kwanza ikatoka ya mwani. Ya pili, ya mwani. Ya tatu ikaanza kupata wekundu, kama damu iliyochanganyika na tope. Ya tano ikaja nyekundu safi, juisi ya rozela hasa, na watoto waliokuja kutazama wakashangilia.

Nilimuuliza juu ya yale maneno kwamba gari ya zamani ukiibadilisha oili ya gia ndiyo unaiua. Akasema yana asili yake. Watu hungoja mpaka gia zimeshaungua ndipo wanabadilisha oili, na oili inabeba lawama ya maiti aliyekufa zamani. Alichokataa yeye ni zile mashine zinazosukuma oili kwa nguvu kubwa ndani ya giaboksi kongwe, kwa kuwa zinaamsha uchafu uliokuwa umelala na kuupeleka kwenye njia nyembamba za valvu. Oili itoke kwa pampu ya gari yenyewe, na kwa mwendo wake.

Kebo akairudisha kwenye kutu yake, ikaja sawa: pengo la wembe.

Hesabu yote, na oili na kazi yake, ilifika laki tatu na elfu ishirini. Nilikuwa nimeshaweka milioni moja na laki nne kwa ajili ya giaboksi.

Tukaenda kuijaribu njia ya Ole, mimi nikiendesha. Ikatoka ya kwanza kwenda ya pili, nikangoja teke. Halikuja. Kwa muda mrefu mwili wangu uliendelea kujishikilia kwenye usukani kila gia ilipokaribia kubadilika, kama mtu anayekaa na mnyama aliyewahi kumng'ata. Ami aliona, akafungua redio.

Sitawadanganya kwamba imekuwa mpya. Asubuhi, kabla haijapata moto, kutoka ya pili kwenda ya tatu bado inasitasita kidogo, kama anayetafuta viatu gizani. Ami anasema ngozi za pleti zimelika katika ile miezi mitano na hazioti tena. Nisipoibebesha kupita kiasi nitakwenda nayo miaka.

Ikabaki safari ya Wete. Niliiahirisha bamvu moja zima, nikajisingizia kazi. Halafu Jumamosi moja nikachukua pweza mkavu, nikaenda.

Nilimkuta na kahawa na kipande cha kashata.

"Assalaam alaykum, fundi."

"Waalaykumu salaam. Karibu. Giaboksi imefufuka?"

Pemba ni ndogo. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, ya dukani, ya galoni, ya kebo, ya kijiti chenye maandishi, na ya arusini pia. Alitafuna kashata yake mpaka ikaisha.

"Nilikuuliza mara mbili."

"Mara mbili."

"Ningekuuliza ya tatu ungenifukuza."

"Ningekufukuza."

Akatikisa kichwa, akamimina kahawa ya pili, akanisogezea mimi. Kisha akasema, "Na galoni la tatu?"

"Lipo nyumbani. Halijafunguliwa."

"Lilete kesho. Yuko mwalimu wa skuli ana kigari kidogo, hicho ni CVT kweli kweli."

Kesho yake nikalipeleka. Mwalimu alikuwepo, na kitabu cha gari alikitoa kwenye droo ya mbele, chote Kijapani toka jalada mpaka jalada. Fundi akafungua kurasa moja moja mpaka akaona, katikati ya maandishi yale ya kuchora, herufi chache tunazozijua na tarakimu. Akaweka kitabu juu ya bonneti, akaweka galoni langu pembeni yake na kuligeuza ubavu wenye maandishi unielekee mimi.

"Bibi," akaniuliza, "hii ndiyo?"

Nikafungua mkoba nikatafuta miwani.